Hotpoti ya Mama Shani na Mafuta ya Mama Yangu

Jumatano, mwezi wa tatu. Saa kumi na moja jioni.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote. Ukungu ulikaa mpaka saa nne. Wateja walioingia dukani leo ni wawili, na mmoja hakuwa na simu ya kutengeneza, alikuja kujikinga tu. Nimekaa nyuma ya meza yangu ya ufundi na koti mwilini, naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza tena kuwaza.

Wiki iliyopita niliahidi kuandika hapa kwenye ukurasa wangu juu ya sehemu zangu tatu za kula mjini kwetu, zile za bei ya mtu wa kawaida. Mlioniuliza ni kadhaa: walimu wapya waliopangiwa huku, madereva wa magari ya ndizi, na yule dada wa Mbeya anayedai Tukuyu hakuna chakula zaidi ya ndizi na maziwa. Nilikuwa nimeshaanza. Picha nilikuwa nimepiga, kichwa cha habari kilikuwa tayari.

Siwezi kuimaliza orodha hiyo.

Mmoja wa wapishi hao watatu amelishwa kitu ambacho dini yake inamkataza kula. Chakula chenyewe nilimkabidhi mimi kwa mikono yangu. Sikujua wakati nampa. Nilijua kesho yake, na nikanyamaza siku tatu.

Ngoja niandike yote kwa utaratibu, labda nitajielewa.

Mimi ni mseja na fundi simu, na jiko langu la gesi kazi yake kubwa ni kuchemsha chai. Mchana nakula nyuma ya soko, ule mtaa mfupi ambao nusu ya wenye biashara walitoka kwingine. Kuna Chikondi, Mmalawi wa Karonga aliyeolewa na dereva wa hapa. Anapika ugali mlaini, anauchota kwa mwiko uliolowa na kuupanga sahanini vibonge viwili viwili, na dagaa wa ziwani pembeni. Yeye anauita nsima. Ukisema ni ugali anakugomea mpaka uombe radhi. Mbele kidogo yupo Dezire, Mkongo wa upande wa Uvira, anayepika sombe, kisamvu cha kwao, na maharage kwa mawese anayoyafuata Kyela mwenyewe. Dezire humwita kila mteja wake "mkubwa", hata mimi ninayekula kwake kwa kujibana.

Halafu yupo Mama Shani.

Babu yake alikuja na mizigo ya nguo kutoka Kilwa, akaoa, akajenga, akazikwa hapa hapa. Mama Shani mwenyewe amezaliwa Tukuyu, na Kinyakyusa chake kinanishinda mimi niliyezaliwa kijijini Mpuguso. Lakini hadi leo watu wakikuelekeza mgahawa wake wanasema "kwa wale wa pwani". Ana meza nne na mabenchi, na ukutani ameandika kwa rangi ya kijani kwamba chakula chake ni halali. Kwa buku mbili, shilingi elfu mbili, unakula wali wa nazi, maharage na mchicha, na akikupenda anakuongezea ukoko bila kusema neno. Ijumaa baada ya swala hupati pa kukaa. Waislamu wetu hapa ni wachache, na mji huu kila kona kuna mtu anachoma kitimoto, nyama ya nguruwe. Watu wa duka la vitambaa, mafundi seremala, wafanyabiashara wanaokuja siku za soko, wote wanakula kwa Mama Shani bila kuuliza kilichomo kwenye sufuria. Kuna mmoja wa Matwebe anayekaa na njaa toka asubuhi mpaka afike kwake, hali kwingine.

Imani hiyo ndiyo niliyoichezea.

Wiki mbili zilizopita mama yangu alikuja mjini kupimwa macho. Nilimpeleka kula kwa Mama Shani, nikijisikia mtoto mwema. Wakaelewana tangu salamu. Walikaa wakizungumza Kinyakyusa hadi wali ukapoa, mimi nikawa kama mzigo waliousahau benchi la pili. Wakati wa kuondoka Mama Shani akajaza pilau kwenye hotpoti yake nzuri, ile nyekundu yenye maua, akampa mama aende nayo Mpuguso. Mama akashukuru kikwetu, ndaga fijo, mara tatu, akaikumbatia njia nzima.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata ukipewa kikombe cha chumvi, kikombe kinarudi na kitu ndani, hata kama ni machungwa mawili. Mama yangu kwa hilo ni mkali kuliko mchungaji wetu. Jumamosi nilipokwenda kumsalimia nikakuta hotpoti imejaa mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, amezipika na maharage mabichi mpaka zimekuwa laini na zinang'aa. Harufu yake ilinitesa kwenye bodaboda kutoka Mpuguso mpaka mjini. Nilijizuia nisifungue, na nikajisifu kwa hilo. Laiti ningekuwa mlafi zaidi. Ladha ya kilichokuwemo naijua tangu utoto, ningeitambua kwa kijiko kimoja.

Nikamkabidhi Mama Shani jioni ile. Akafungua, akafumba macho, akacheka.

Jumapili mchana alinikalisha karibu na jiko kunieleza. Walikula usiku yeye na wanawe, walikaribia kuigombania. Nusu ameiweka kwenye friji. Tena alikuwa na wazo: mama aje Ijumaa asubuhi amfundishe kupika vile, na mchana waliotoka kuswali wapewe mbalaga za Mpuguso pembeni ya pilau. Aliniambia kwa furaha ambayo sijaiona kwake muda mrefu. Alisema amekula ndizi za Kinyakyusa maisha yake yote, lakini mafuta yale hajui ni ya nini, labda ni samli.

Nilimpigia mama jioni nimpe sifa zake. Alifurahi mpaka akaanza kusali kwenye simu. Akakubali kuja Ijumaa na ndizi zake mwenyewe. Mimi, kwa utani tu, nikamuuliza ameweka nini safari hii. Akanijibu kwa Kinyakyusa, naandika kwa Kiswahili:

"Nyama sikuweka, najua wale hawali. Nimeweka mafuta tu ya yule nguruwe wa mjomba wako."

Mama akadhani mtandao umekata, akawa anaita jina langu.

Hakuwa na hila yoyote. Mjomba alichinja nguruwe kwa ajili ya harusi, mafuta yakayeyushwa, mama akapewa kopo zima. Kwake mafuta ni mafuta. Nyama ndiyo haramu ya Waislamu, hivyo ndivyo alivyosikia tangu akiwa msichana, na nyama aliiacha kwa heshima. Akachukua kitu bora kuliko vyote jikoni mwake akampikia rafiki yake mpya. Ningemwambia nini? Nilimwambia sawa mama, usiku mwema.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoionea aibu kuiandika.

Jumatatu niliamka nimeazimia kusema. Nikaingia kwa Mama Shani saa saba, nikakuta watu, nikaona nitasubiri wapungue. Akaniletea wali. Nikaanza kula. Nikiwa katikati akapita mbele yangu na bakuli lililofunikwa sahani, akaniambia kile kilichobaki anampelekea baba yake, Mzee Athumani, anayeishi chumba cha uani. Mzee hana meno, mbalaga laini zitamfaa.

Namfahamu Mzee Athumani. Ana miaka themanini na kitu. Mguu wake mbovu anauburuta kwenda msikitini hata siku za mvua kama leo, na akikaa kibarazani anatusalimia wote kwa majina ya baba zetu.

Nilikuwa na muda. Kutoka meza yangu hadi mlango wa uani ni hatua kumi, labda kumi na mbili. Ningesema "Mama Shani, subiri", angesimama. Neno moja lilitosha, maelezo yangefuata.

Niliendelea kula wali.

Nilijiambia kuna watu. Nilijiambia nitamwaibisha mbele ya wateja. Nilijiambia mengi kwa dakika mbili, na yalipokwisha bakuli lilikuwa limesharudi tupu na Mama Shani akicheka kwamba mzee ameliramba.

Jana sikuweza kumtazama. Nilijificha kwa Chikondi, nikala nsima bila kuisikia ladha, mwishowe nikamweleza. Chikondi akaninong'oneza ninyamaze. Ameshakula, alisema, na asiyejua hana dhambi, wewe tafuta sababu mama yako asije Ijumaa, mambo yaishe. Nikatamani sana awe sahihi. Nikavuka kwa Dezire kutafuta wa kumuunga mkono, na Dezire akaacha kukoroga. Akaniambia alipofika hapa watu walikuwa wanachungulia sufuria yake kabla ya kukaa, wakidhani Mkongo anapika nyani. Mwaka mzima alikuwa anafunua mfuniko ili kila mteja aamini. Mama Shani hafunui mfuniko kwa mtu, alisema. Halafu akarudi kwenye sombe yake, na sikuitwa mkubwa.

Usingizi wa jana ulikuwa wa vipande vipande.

Leo saa tatu nimekwenda, kabla jiko halijashika moto vizuri. Mama Shani alikuwa peke yake anachagua mchele. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kama nimepata malaria maana uso umeninywea. Nikakaa mbele yake na kusema yote. Nilianza na mama, kwamba hakukusudia, kwamba nyama aliiacha makusudi. Nilisema harusi, kopo, mjomba. Nilikuwa nasema upesi mno, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mafuta ya nini?"

Nikarudia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisukuma ungo wa mchele pembeni taratibu, kana kwamba ndani kuna mayai, akaangalia mikono yake. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Umejua lini?"

Nikasema Jumapili. Jioni.

Niliona akihesabu. Nilijua anachokihesabu, nikatamani ardhi ya Rungwe ifunguke. Alikuwa anahesabu siku, na amefika kwenye bakuli la baba yake.

Aliinuka akaanza kukusanya vyombo. Hotpoti nyekundu, sufuria aliyopashia, bakuli la mzee, sahani zao, vijiko vya usiku ule, vyote alivyokumbuka, na asivyokumbuka akachukua seti nzima. Akavitoa uani kwenye mvua. Akaniambia nichote udongo msafi pale chini ya mgomba, na hilo ndilo jambo pekee aliloniruhusu kufanya. Aliniambia bila kunitazama kwamba walifundishwa hivyo tangu utoto: mara saba, na moja iwe kwa udongo. Nikachota kwa sahani ya plastiki, nikaiweka karibu yake, nikataka kukunja mikono ya shati nimsaidie. Akasema hapana.

Akaosha. Nilisimama chini ya upenu nikimwangalia akiisugua hotpoti kwa udongo mpaka maua yakapotea, akiisuuza, akirudia. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye bakuli la baba yake hesabu ikamponyoka, akaanza tena mwanzo.

Wateja wa chai walikuja wakaambiwa leo hakuna. Fundi seremala mmoja wa jirani akauliza kama kuna msiba. Mama Shani akasema hapana, anafanya usafi.

Chumbani kwake Mzee Athumani alikuwa anakohoa na kusikiliza redio. Mara moja aliuliza kwa sauti mbona leo sufuria zinapigwa hivyo. Binti yake akamjibu kwamba mvua imeingiza tope jikoni. Hapo ndipo alipoacha kuosha, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipomwambia.

"Umesikia? Sijawahi kumdanganya baba yangu," alisema. "Na sitamwambia. Mzee yule akijua, siku zake zilizobaki atazimaliza kwa kilio. Sasa kunyamaza kwako umeniachia mimi."

Nilisema nisamehe, Mama Shani. Nililisema kama linavyosemwa, na lilionekana dogo pale kati ya zile sahani.

Alisema amesamehe. Alisema Mungu anajua kwamba wao hawakujua. Usiku ule wa Jumamosi, alisema, hauna mwenye kosa, wala mama yangu hana. Bakuli la Jumatatu ni jambo jingine. Alikumbuka hata mahali nilipokuwa nimekaa. Alikumbuka kwamba aliniuliza kama wali unatosha, na mimi nikamjibu unatosha.

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kama basi nimzuie mama asije Ijumaa.

Mama Shani alifuta mikono kwenye kanga.

"Mama yako aje kama tulivyopanga. Atapika kwa mafuta yangu na sufuria yangu, na usimwambie kitu, asije akajiona amenichafua. Yule ni mgeni wangu." Akaokota hotpoti, akaikung'uta maji. "Wewe mfikishe mlangoni tu."

Nilidhani sikuelewa, nikabaki nimesimama. Akaingia ndani na vyombo vyake, akafunga mlango wa uani.

Hayo yalikuwa asubuhi. Sasa giza linaanza kuingia na sijala kitu tangu nilipoamka. Chikondi bado yuko wazi, naona moshi wake. Sina hamu.

Nimejaribu siku nzima leo kumkasirikia Mama Shani. Nimejiambia mbona nimesema mwenyewe, wengine wangeacha ipite, ningeweza kuzua ugonjwa wa mama na hakuna ambaye angejua. Hasira inakuja kidogo halafu inakata, kwa sababu kila mara naliona lile bakuli likipita mbele yangu na mkono wangu ukipeleka kijiko mdomoni. Sikuogopa kumwaibisha mtu. Niliogopa kupoteza sehemu ya kula. Ndiyo hivyo, nimeliandika.

Ile orodha yangu ya sehemu tatu nimeifuta. Siwezi kumsifu mtu hapa wakati najua nilivyomfanyia, na nikimruka mtauliza kwa nini. Anayetafuta chakula kizuri nyuma ya soko atafika mwenyewe. Aingie popote akae. Na haya ya leo nayaacha kwenye rasimu, Mzee Athumani asije akasomewa.

Mama amepiga simu saa kumi. Amechagua ndizi, anasema ni mikungu miwili, ile minono ya karibu na mto. Ameazima kitenge cha jirani ili asije mjini akaonekana wa shamba. Ameniuliza Ijumaa tutakula wote watatu, yeye na mimi na rafiki yake, au Mama Shani atakuwa na kazi nyingi. Nikasema tutaona.

Keshokutwa asubuhi nitampokea stendi, nitabeba mikungu yake mpaka mlangoni pa Mama Shani, na hapo nitasimama. Mama atavuka kizingiti, atageuka, na atauliza mbona siingii.

Nitamjibu nini?